Shajara ya mradi: shanga 842 za jeni ya PYGM

Mradi kwa ufupi: kuichukua jeni ya PYGM kutoka kwenye hifadhidata ya wazi, kuisoma herufi kwa herufi hadi tupate protini yake, kisha kuitunga protini hiyo nzima kwa shanga, ushanga mmoja kwa kila asidi amino. Naandika kadiri tunavyokwenda ili mwalimu mwingine akitaka kuiga asipotee pale tulipopotea sisi. Sisi ni klabu ya sayansi ya sekondari moja hapa Tanga: wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha tano, mimi mwalimu wao wa bailojia, na laptopu moja ambayo betri yake haifiki nusu saa.

Jumamosi, 8 Februari 2025: kuchagua jeni

Tulitaka jeni ambayo kazi yake mtu anaihisi mwilini. Wengine walipendekeza ile ya hemoglobini kwa sababu ya selimundu, lakini hiyo imeshafundishwa mpaka imechoka. PYGM ilishinda kwa kura saba dhidi ya nne, baada ya kuwauliza swali moja: ukikimbilia basi linaloondoka, sukari ya mbio hizo inatoka wapi? Chai ya asubuhi ilishatumika zamani. Inatoka kwenye glaikojeni, akiba ya glukosi iliyofungwa ndani ya misuli kwa matawi matawi kama mkungu. Anayechuma glukosi moja moja kwenye ncha za matawi hayo ni kimeng'enya kiitwacho glaikojeni fosforilesi, na kile cha misuli kinaandikwa na PYGM, iliyoko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 11.

Akikosa kimeng'enya hiki mtu anaitwa ana ugonjwa wa McArdle. Daktari Brian McArdle wa hospitali ya Guy's, London, aliueleza mwaka 1951 kwa mgonjwa mmoja wa miaka 30 ambaye tangu utotoni kila akijitumia kidogo misuli inauma na kukaza. McArdle aligundua kwamba baada ya mazoezi damu ya mtu huyu haikupanda laktati, mabaki ya glukosi inayovunjwa na misuli, kama ya watu wengine. Akiba ipo, ufunguo hakuna. Kimeng'enya chenyewe kilithibitika kukosekana mwaka 1959.

Kosa la leo lilikuwa langu. Niliwatuma wapakue "jeni ya glaikojeni fosforilesi" bila kusema ipi. Kundi moja likarudi na PYGL. Binadamu ana tatu: PYGL ya ini, PYGB ya ubongo na PYGM ya misuli. Zinafanana kama watoto wa tumbo moja, na kwa urefu zinakaribiana mno: ya ini ina asidi amino 847, ya ubongo 843, ya misuli 842. Kama tusingehesabu tungetunga ini zima tukaliita msuli. Anayeiga aandike namba ya protini kwenye ubao tangu siku ya kwanza: P11217 katika hifadhidata ya UniProt.

Gharama ya leo: bando, shilingi 3,000.

Jumatano, 12 Februari: herufi elfu kumi na nne za upuuzi

Niliwaambia wasichukue protini iliyokwisha kutafsiriwa. Nilitaka waanze na DNA yenyewe, waione njia. Tulipakua kipande cha kromosomu ya 11 chenye jeni yetu, herufi elfu kumi na nne na ushei. Kijana mmoja wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), aliyejiunga nasi kwa sababu ya kompyuta tu, aliandika programu fupi ya Python ya kusoma herufi tatu tatu, yaani kodoni, ambayo kila moja hutaja asidi amino moja au huamuru kusimama. Matokeo: kodoni za kusimama kila baada ya maneno machache. Tukasogeza herufi moja, tukasogeza mbili. Vilevile.

Tatizo la kwanza ni mwelekeo. DNA ina nyuzi mbili zinazotazamana kinyume, na hifadhidata inakupa uzi mmoja tu. PYGM imeandikwa kwenye uzi wa pili. Niliwapa mfano wanaoujua wote waliopita chuoni: chukua utenzi wa zamani ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, uanze kuusoma kutoka kushoto. Herufi ni zilezile na Kiswahili ni kilekile, lakini hutapata beti. Hapa kuna nyongeza: kila herufi lazima pia ibadilishwe na mwenzake, A kwa T, G kwa C.

Kijana wetu akaandika amri nne mfululizo: badili kila A iwe T, badili kila T iwe A, badili kila G iwe C, badili kila C iwe G. Akaendesha. Kodoni ya kusimama haikuonekana hata moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Darasa lilipiga makofi. Mimi nami nilipiga, sitaficha.

Aliyetuzindua ni binti mmoja aliyekaa nyuma, akauliza kwa upole, "Mwalimu, mbona ni K, R, E na G tu?" Kweli. Kila asidi amino huandikwa kwa herufi yake moja, na protini yetu nzima ilikuwa na aina nne tu. Amri ya kwanza iligeuza A zote kuwa T, ya pili ikazigeuza zote, za awali na za baadaye, kuwa A. G na C nazo hivyo hivyo. Tulibaki na faili yenye A na G peke yake, na kwa kuwa kodoni zote tatu za kusimama zinaanza na T, zisingeweza kuonekana kabisa. Matokeo safi kupita kiasi yalikuwa dalili ya ugonjwa.

Suluhisho ni rahisi: geuza kwanza ziwe herufi ndogo (A iwe t, T iwe a, G iwe c, C iwe g), kisha zirudishe zote kuwa kubwa kwa mkupuo mmoja. Betri ilikufa hapo.

Jumamosi, 15 Februari: introni

Leo tafsiri ilianza vizuri. MSRPLSDQEKRKQISVRGLAG… Waliokuwa wameishika protini ya UniProt kwenye simu walikuwa wakifuata kwa kidole kama wanafuata juzuu, herufi kwa herufi, na darasa likawa kimya. Ilipofika kiasi cha neno la themanini hivi, mpangilio ukaharibika ghafla, na baadaye kidogo ikaja kodoni ya kusimama.

Hapo ndipo ekzoni ya kwanza, kipande cha jeni kinachobaki kwenye ujumbe, inaishia na introni, kipande ambacho seli hukikata na kukitupa, inaanza. PYGM ina ekzoni 20, kwa hiyo introni 19 kati yake, na herufi zinazotafsiriwa ni 2,529 tu. Yaani chini ya moja ya tano ya kile tulichopakua.

Tulijaribu kuzikata introni wenyewe. Kitabu kinasema introni huanza na GT na kuishia na AG. Ni kweli, ila GT na AG zimetapakaa kila mahali kama mchanga wa Raskazone, na seli ina alama nyingine za kuitambua ile iliyo ya kweli. Baada ya saa mbili tulikuwa tumeipata introni moja tu, tena kwa sababu tulishaujua mwisho wake kutoka kwenye protini. Nikaamuru tuache. Tukapakua RNA mjumbe, nakala ya jeni ambayo introni zimeshakatwa na ekzoni zimeunganishwa, NM_005609, tukachukua sehemu ya kutafsiri peke yake. Herufi 2,529, gawanya kwa tatu, ni 843. Toa kodoni ya kusimama, unabaki na 842. Zikalingana na UniProt zote.

Anayeiga: usiziruke hizi siku mbili ukaanza na RNA mjumbe moja kwa moja. Ni siku ambazo hatukutunga hata ushanga mmoja, lakini ndizo wanafunzi wanazozisimulia.

Gharama: bando nyingine, 2,000. Jumla hadi sasa 5,000.

Jumamosi, 22 Februari: shanga Ngamiani

Asidi amino zina aina 20, na nilidhani nitapata shanga za rangi 20. Bibi muuza shanga niliyemkuta Ngamiani alikuwa na rangi kumi na tatu, na kati ya hizo tatu ni nyekundu ambazo yeye mwenyewe anazitofautisha kwa majina lakini macho yangu hayawezi. Tukaamua rangi kumi, kila moja kwa ukubwa mara mbili, milimita 4 na milimita 6. Pakiti ishirini za shanga mia mia, shilingi 1,000 kila moja.

Mwanamume kununua shanga elfu mbili Ngamiani si jambo la kupita kimya. Bibi alizihesabu pakiti taratibu, akanitazama, akaniuliza, "Mwanangu, huyu bibi harusi kiuno chake kina upana gani?" Nikamweleza ni za shuleni, za protini ya misuli. Akasema, "Haya, na misuli pia," akafunga mfuko. Hakuniamini hadi leo.

Ugawaji wa rangi tulifikiria kidogo. Asidi amino zenye chaji tulizipa rangi kali, zile zinazokimbia maji tukazipa rangi za udongo, ili ukiutazama uzi kwa mbali uone makundi. Hili lilifaa. Lisilofaa ni kununua pakiti sawa kwa kila aina. L ilikaribia kumaliza pakiti yake nzima. W inatokea mara 12 tu. Hesabu kwanza, nunua baadaye. Programu ileile inaweza kuhesabu kwa sekunde moja.

Gharama: shanga 20,000, bajaji kwenda na kurudi 4,000, uzi wa kushonea 500. Jumla 29,500.

Jumamosi, 1 Machi: uzi umekatika

Fupi, kwa sababu bado nina hasira. Tulifika shanga mia tatu na kitu. Wawili walikuwa wameushika uzi juu, mmoja akaenda kuchukua maji, uzi ukavutika ukakatika katikati. Shanga za milimita 4 hazina adabu: zinaingia kwenye nyufa za sakafu. Tulipoteza zaidi ya hamsini.

Mabadiliko: mshipi wa kuvulia badala ya uzi wa kushonea (3,500), na fundo kila baada ya shanga hamsini, ili ukikatika upoteze kipande kimoja tu. Pakiti mbili za kufidia, 2,000. Pia tumechapa mpangilio kwenye karatasi 17, kila karatasi kipande kimoja: kumi na sita za shanga hamsini na ya mwisho ya shanga 42. Kila mwanafunzi ana karatasi yake na anatia tiki. Steshenari 3,400. Jumla 38,400.

Jumamosi, 8 Machi: Ramadhani, na swali zuri

Wengi wetu tumefunga, kwa hiyo tunatunga mchana kivulini bila haraka. Kazi ya kutunga inafaa sana kwenye swaumu. Mikono ina shughuli, mdomo hauna.

Swali la leo, kwa maneno ya aliyeuliza: "Mwalimu, tangu daku sijala kitu. Sasa hivi PYGM yangu inanilisha?" Jibu: misuli yako ndiyo, wewe hapana. Kinachoshikilia sukari ya damu hadi magharibi ni glaikojeni ya ini, kazi ya PYGL, ile tuliyoipakua kwa makosa. Ini lina kimeng'enya cha kuondoa fosfati kwenye glukosi ili itoke iingie kwenye damu. Msuli hauna. Glukosi ikishachumwa ndani ya msuli, haina mlango wa kutokea. Itachomwa humo humo. Msuli ni mchoyo, alisema mmoja. Kosa letu la siku ya kwanza limepata matumizi.

Vipande kumi vimekamilika.

Jumamosi, 15 Machi: Mhasibu na namba mbili

Kila mradi una mtu mmoja anayepekua. Wetu tunamwita Mhasibu. Kazi yake ilikuwa kutafuta mabadiliko ya jeni yanayojulikana kwa wagonjwa, ili tuyawekee vibendera vya karatasi kwenye shanga husika. Huandikwa hivi: R50X maana yake R ya namba 50 imegeuka X, yaani kusimama. Alileta orodha yenye R49X na R50X kama mabadiliko mawili, vibendera viwili, ushanga wa 49 na wa 50.

Nikamwambia aangalie ushanga wa 49. Ni P. Haiwezi kuwa R49X kama hapo hapana R. Akarudi kwenye maandiko, akakuta na hitilafu nyingine: serini (asidi amino ya herufi S) mashuhuri ya kimeng'enya hiki, ile ambayo Edmond Fischer na Edwin Krebs walionyesha kwamba ikibandikwa fosfati kimeng'enya kinaamka, kila mahali inaitwa serini 14. Kwenye uzi wetu ushanga wa 14 ni I. S ni wa 15.

Tulichelewa jioni nzima tukidhani tumeruka ushanga. Hatukuruka. Protini zote huanza kutungwa na M, lakini kwenye kimeng'enya hiki M ya mwanzo hukatwa baadaye. Waliokuwa wakisoma protini yenyewe kutoka kwenye misuli, miaka hiyo, hawakuiona M, wakaanza kuhesabu kwenye S. Wanaosoma jeni wanaihesabu. R49X na R50X ni badiliko lilelile, umri tofauti wa hesabu. Ukisoma andiko la miaka ya 1990, ongeza moja.

Suluhisho kwenye uzi: ushanga wa M tumeufunga kwa kitanzi chake peke yake mwanzoni. Unauchomoa kwa mkono mmoja. Ukiwa nao, unahesabu kwa jeni. Ukiuchomoa, unahesabu kwa protini. Nimeona watu wazima wenye shahada wakichanganyikiwa na jambo hili, na kitanzi cha mshipi kinalimaliza.

Na hundi ya hesabu kwa anayeiga: kodoni ya 50 inaanzia herufi ya 148 (49 mara 3, ongeza 1). Badiliko la R50X huandikwa kuwa C ya herufi ya 148 imekuwa T. CGA imekuwa TGA. Namba zikigongana hivyo, uko sawa.

Jumamosi, 22 Machi: shanga 841

Uzi umekamilika. Tuliuhesabu: 841, na kitanzi cha M kikiwepo. Kuuhesabu tena: 841.

Mafundo yalituokoa. Kipande kimoja tu kilikuwa na 49, cha kumi na tano, namba 701 hadi 750. Mwenye karatasi hiyo aliapa ametia tiki zote, na kweli alitia. Tukasoma pamoja, ushanga kwa ushanga: …E, E, N, F, I, F, G… Karatasi inasema E, E, N, F, F, I, F, G. Kulikuwa na F mbili zimekaa bega kwa bega, namba 709 na 710, akatia tiki mbili kwa ushanga mmoja.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana hili sikulipanga. Wagonjwa wa McArdle wa Japani wana badiliko lao ambalo si la kusimamisha wala la kubadili herufi. Ni kodoni moja iliyodondoka, na kinachokosekana ni F moja, palepale. Maandiko ya zamani yanaliandika "708/709" kwa mkwaju katikati, na Mhasibu alikuwa amelalamika wiki iliyopita kwamba waandishi hawana uhakika. Sasa akaelewa: F mbili zinazofanana zikiwa jirani, ikidondoka moja huwezi kusema ni ipi. Kijana wetu alikuwa ametunga ugonjwa wa kweli bila kujua. Shanga 841 zilizobaki zote zilikuwa sahihi na mahali pake.

Alitaka kuufungua uzi arekebishe haraka, kwa aibu. Nilimzuia mpaka wote wapige picha.

Jumamosi, 12 Aprili: mkato, na sahihisho

Uzi umerekebishwa: 842. Ukiunyoosha una mita 4 na sentimita 40, pamoja na mafundo. Tumeupitisha kwenye misumari ukutani (misumari na ubao, 2,000, jumla ya mradi mzima shilingi 40,400). Vibendera vinne: R ya 50, G ya 205 inayogeuka S, F mbili za kule Japani, na W ya 798 inayogeuka R, inayojulikana zaidi kwa wagonjwa wa Hispania. Kwenye K ya 681 tumening'iniza simbi, kwa sababu hapo ndipo vitamini B6 inaposhikamana na kimeng'enya. Bila hiyo hakuna kinachochumwa. Wazazi wengi wanaiona simbi kabla ya kitu kingine chochote.

R ya 50 inaangukia fundo la kwanza kabisa. Ndiyo maana onyesho letu lilikuwa rahisi: tulitunga uzi mwingine mfupi wa shanga 49 na kuuweka chini ya ule mrefu. Unatosha kuzunguka kifundo cha mkono. Hilo ndilo badiliko la kawaida zaidi kwa wagonjwa wa Ulaya na Wamarekani wenye asili ya huko, mojawapo ya yale ya kwanza kupatikana kwenye jeni hii, mwaka 1993. Herufi moja kati ya 2,529, na bangili badala ya mita nne.

Nilijivunia sana bangili hiyo mpaka mwanafunzi wangu wa zamani, sasa anasoma udaktari mwaka wa nne, alipokuja likizo akaitazama. "Shikamoo Mwalimu. Ni nzuri, lakini mgonjwa hana hiyo." Akaeleza: seli inaikagua RNA mjumbe, ikikuta kodoni ya kusimama imekuja mapema mno, inaiharibu RNA yenyewe. Kwenye misuli ya wagonjwa hawa hukuti protini fupi. Mara nyingi hukuti hata ujumbe wake. Kwa hiyo bangili yetu inaonyesha kilichoandikwa kwenye jeni. Kilichoko msulini ni msumari mtupu.

Tumeitoa. Mahali pake tumepigilia msumari bila kitu, na kikaratasi chini: R50X. Watazamaji wanadhani kitu kimeanguka, wanauliza, na hapo ndipo maelezo yanaanza. Linafundisha kuliko bangili.

Daktari mtarajiwa alisahihisha jingine. Nilikuwa nimeandika bangoni kwamba mgonjwa "hawezi mazoezi". Alinifutisha. Wagonjwa wenyewe wanajua kwamba wakianza polepole, baada ya dakika saba, nane, kumi hivi, maumivu yanapungua na mwili unapata pumzi ya pili: damu imeanza kuleta glukosi ya ini na mafuta, msuli unakula cha kuletewa badala ya akiba yake iliyofungwa. Mazoezi mepesi ya kila mara yanawasaidia. Hatari iko kwenye kishindo, kunyanyua mzigo mzito ghafla au kukimbia kwa nguvu zote, ambapo msuli unaweza kuharibika hadi mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na figo zikaumia.

Onyo moja kwa walimu. Wawili walipendekeza tufanye kipimo cha McArdle darasani: kufunga mkono kwa mashine ya presha, kukunja ngumi mpaka uchoke, kuona nani anakaza. Nilikataa na wewe kataa. Kwa mwenye ugonjwa, kuzuia damu namna ile kunaweza kuua msuli, na hospitalini siku hizi kipimo hicho hufanywa bila kufunga mkono.

Kilichobaki ni kitu kimoja ambacho Mhasibu amekiona na mimi nilikuwa nimekinyamazia. Kimeng'enya hiki hakifanyi kazi peke yake. Protini mbili zinazofanana hushikana zikawa moja. Uzi wetu ni nusu ya kimeng'enya. Zinahitajika shanga nyingine 842, na safari hii tumezihesabu kwa aina kabla ya kwenda. Nilimtuma Mhasibu Ngamiani na orodha mkononi. Bibi aliisoma yote, akamuuliza kama mwalimu wake ameoa wa pili.